Gari Lisilo na Sailensi

Kwetu Tanga, na nadhani Tanzania nzima, fundi akisema gari lina sailensi nzuri hana maana kwamba limenyamaza. Ana maana ya ule mngurumo wa chini, wa kutulia, gari linapokuwa limesimama na injini inawaka bila mtu kukanyaga mafuta. Gari linalozimika kila likisimama, tunasema halina sailensi. Nani alilichukua neno hilo la Kiingereza la ukimya akalifanya jina la sauti, sijui, ila siku nikimpata tutakuwa na maneno. Kwa sababu yake niliharibu gari la mume wangu hapa Doha, na kwa kuliharibu nikagundua kwamba mume wangu hasikii.

Gari lenyewe ni pikapu ya Kimarekani iliyotengenezwa kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Ilikuwa ya bosi wake, mzee wa Kiqatari ambaye wafanyakazi wote humwita arbabu, na ilikuwa imelala shambani kwake miaka mingi ikiliwa na kutu. Ujanani arbabu alisoma Marekani, na huko aliona vijana wakichukua mikweche ya namna hiyo, wakakata paa likawa fupi, wakang'oa boneti na madigadi, wakashusha bodi hadi karibu na ardhi, kisha wakatia injini kubwa kuliko umri na heshima ya gari. Magari hayo yanaitwa hotrodi. Akamwambia mume wangu: jenga moja, siku za Ijumaa ni yako kuichezea, ila kila kitu kiwe cha enzi zile. Hakutaka kompyuta, alitaka kabureta, kile chombo cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa. Basi pembe moja ya gereji yake kule Industrial Area ikawa yetu.

Nasema yetu, lakini mwanzoni mimi sikutaka hata kuiona. Mume wangu alikuwa amekaa Doha miaka minane peke yake, fundi wa majenereta, akilala chumba cha watu sita hukohuko Industrial Area, kabla hajapanda cheo cha kumwezesha kutuombea viza ya familia. Nilipofika Najma, mtaa wa Doha alikotupangia, na mabegi yangu sikuja kugombea mume na chuma. Ijumaa ni siku moja tu katika wiki, na mimi miaka minane nilikuwa nimeihesabu Ijumaa kwa Ijumaa.

Kilichonibadilisha ni binti yetu. Alikuwa na miaka kumi na moja tulipokuja, na baba aliyemfahamu ni sauti ya kwenye simu. Sasa akajikuta chumba kimoja na mwanamume mrefu mwenye mikono ya grisi. Alikuwa akimpa shikamoo kila anapoingia, hata kama ametoka chooni tu. Aliomba ruhusa kufungua friji. Mume wangu akawa anaitikia marahaba kumi, kumi na tano kwa siku, na kila moja nilikuwa naiona inavyomchoma. Alimnunulia mdoli, akapewa ahsante ya adabu, na mdoli akawekwa juu ya kabati.

Ijumaa moja, kwa kukosa pa kumwacha, tulikwenda naye gerejini. Baba yake akampa kipande cha msasa na mlango wa kushoto. Mtoto alisugua ule mlango kwa saa tatu bila kusema neno, mpaka chini ya kutu ikatokea rangi ya kijani ya zamani, ukubwa wa sahani. Akapiga kelele: "Baba, njoo uone!" Hakuna shikamoo humo. Mume wangu aliacha spana ikaanguka chini, akaja mbio.

Tangu hapo Ijumaa zetu zote zilikwenda huko, majira ya baridi mchana kutwa, majira ya joto alfajiri mpaka jua lilipotufukuza. Mimi ni msimamizi wa dobi katika hoteli moja ya mjini, najua kitambaa, kwa hiyo nilishona viti. Jirani yetu wa Najma, mlinzi Mkenya aliyekuwa fundi wa kuchomelea kwao kabla hajavaa sare, alitoka kanisani Mesaimeer, maana Doha hata Wakristo husali Ijumaa, akaja moja kwa moja kutuchomelea paa, shati la ibada limekunjwa vizuri juu ya kiti. Binti alisafisha kabureta kwa mswaki. Gari lilipokosa boneti na nusu ya paa tukaanza kuliita Kipara.

Na baba yake akamfundisha kusikiliza. Injini za namna ile hazina taa ya kukwambia tatizo, zinasema zenyewe. "Likipiga chafya lina njaa ya mafuta," alimwambia. "Likikoroma limeshiba kupita kiasi. Likigonga, moto unawahi." Mtoto alikuwa akisimama ameegemeza kichwa upande, macho ameyafumba, na baba yake amesimama hivyohivyo ng'ambo ya pili. Mimi nilikaa na sindano yangu nikiwatazama, nikasahau kabisa kwamba niliwahi kulichukia lile gari.

Majira ya baridi ya tano, Kipara liliwaka. Liliwaka, likanguruma mpaka mapaja yakatetemeka, kisha mguu ukitoka kwenye mafuta linazimika. Halina sailensi. Mume wangu akakaza skrubu hii, akalegeza ile, likazimika. Ijumaa tatu mfululizo. Yeye ni mtu mtaratibu, hajawahi kutupa chombo, lakini Ijumaa ya tatu alirusha bisibisi ikapiga ukuta. Binti akasema, "Baba, linakoroma," naye akamjibu kwa ukali kwamba halikoromi hata kidogo.

Sikushangaa sana, kwa sababu nyumbani mambo yalikuwa hivyo mwaka mzima. Ninamwita kutoka jikoni, haitiki. Ninamweleza jambo, anasema "sawa", na jambo halitendeki. Mimi ni mtu wa kuwaka haraka, sikatai. Nilinuna, nikanuna tena, nikalala nimegeukia ukuta. Siku moja nilimwambia kwamba miaka minane ya kukaa peke yake imemfanya asiwe na haja ya kumsikiliza mtu. Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Sawa, bi mkubwa." Nilitamani kumrushia sufuria.

Baada ya ile Ijumaa ya tatu, kampuni ikampeleka jangwani kwa siku nne, kuna jenereta kubwa limekufa. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kufanya suluhu. Nitalitengeneza gari kabla hajarudi, nimkabidhi kwa tabasamu, na ya nyuma yasahaulike. Mtaa wa pili kutoka gerejini palikuwa na karakana yenye picha ya kabureta ukutani. Jumanne ile nilikuwa na mapumziko ya ziada. Nikaomba ruhusa gerejini, mafundi wanne wakalisukuma Kipara mpaka kule, mimi mbele kama bibi harusi.

Mwenye karakana alikuwa mtu mpole mwenye miwani, mgeni kama mimi, Kiingereza chake cha kuokota kazini na changu cha hotelini. Nikamwambia kwa Kiingereza, wazi kabisa: "Hili gari halina sailensi. Mume wangu anataka sailensi nzuri."

Akaliwasha. Ukuta ukatetemeka, mabomba mawili mafupi ya moshi yakatema ngurumo barabarani. Akazima, akanitazama kwa huruma kubwa.

"Pole sana, madamu," akasema. "Nimeelewa. Utapata sailensi nzuri sana. Alasiri njoo."

Alasiri nilikwenda na binti, ametoka shule. Yule bwana akaliwasha gari kwa fahari, akarudi nyuma, akakunja mikono. Kipara likawaka na halikuzimika. Lakini lilikuwa linatoa sauti ya friji. Niliinamisha kichwa kusikiliza vizuri, nikamwona mwanangu amejishika mdomo.

"Mama, umemwambia nini?"

"Sailensi. Si ndiyo hiyo, limetulia?"

"Mama! Huyu amefunga sailensa! Sailensa za eksozi, mbili!" Akachungulia chini ya bodi, akazionyesha: masanduku mawili manene ya kuzuia kelele, yamechomelewa kwa ustadi kabisa, yamefichwa yasionekane. Yule fundi wa watu alikuwa amenipa neno lilelile nililoomba. Na kwa kuwa hakutaka gari linalozimazima likimsumbua kazini, aligusa skrubu mbili tatu likakaa. Mtoto alicheka mpaka akaketi ukingoni mwa barabara na sketi yake ya shule. Nami nikacheka, ningefanyaje.

Tukakubaliana tusiseme. Ijumaa baba atawasha, atashtuka, tutamwona uso wake, kisha tutamweleza. Tulimwambia mpaka Mkenya, naye akaapa kuwahi ibada ya kwanza ili asikose.

Ijumaa ikafika. Mume wangu alirudi usiku wa kuamkia hapo, jua limemwunguza shingo, lakini asubuhi alitangulia mlangoni. Gerejini palikuwa kimya, mitaa yote imelala kama Industrial Area inavyolala siku hiyo. Nikamwambia tu kuna fundi ameligusa kidogo. Akaingia, akawasha.

Friji. Zrrr.

Akashuka. Akaenda mbele, akaweka kiganja juu ya injini, akaegemeza kichwa upande, akafumba macho. Tukasubiri. Binti alikuwa amejiuma mdomo asicheke. Mume wangu akafumbua macho, na uso wake wote ulikuwa umefunguka kwa furaha, uso ambao nilikuwa sijauona mwaka ule.

"Mnasikia?" akasema. "Mnasikia linavyonguruma? Hiyo ndiyo sauti yake! Injini ya enzi zile ikikaa sawa lazima majirani waamke!"

Mkenya akafungua mdomo: "Lakini mzee, hii ndinga imenyamaza kabisa, ni kama..." Nikamkanyaga mguu. Mwanangu aliacha kucheka. Alinitazama, nami nikamtazama, na kati yetu sisi wawili jambo likaeleweka bila mtu kulisema.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya baadaye. Labda nilitaka kuwa na hakika. Nikazunguka nyuma yake, hatua nne hivi, nikamwita kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwitia chakula. Nikamwita mara ya pili. Mara ya tatu niliongeza, "Mume wangu, geuka." Alikuwa anachezea skrubu na kujisemea. Hakugeuka.

Mwaka mzima nilikuwa nimemnunia mtu ambaye hanisikii. Nilijiona mtu mbaya kuliko wote Doha nzima.

Kilichomgeuza ni binti, ambaye sasa alikuwa analia mbele yake. "Nini? Nini?" akauliza, akitutazama mmoja mmoja. Mtoto akapiga magoti, akamshika mkono, akampeleka chini ya bodi mpaka vidole vyake vikagusa lile sanduku la kwanza. Mume wangu ni fundi. Alilipapasa, akajua ni nini, akajua na maana yake. Akasimama polepole, akazima injini.

"Tangu lini?" akauliza.

"Jumanne," nikasema nikimtazama usoni.

Akatikisa kichwa. Akachukua kitambaa, akafuta spana moja moja, akazipanga ndani ya sanduku kwa ukubwa wake, akafunga. "Mwambieni arbabu alichukue gari lake," akasema, na akatoka nje.

Nyumbani alisema yote, akiwa amekaa kitandani na mikono katikati ya magoti. Masikio yalianza kulia miaka mingi nyuma, kwa sababu ya majenereta. Siku zile walikuwa wanajiziba kwa vipande vya kitambaa, wakikumbuka. Kisha sauti zikaanza kuondoka, nyembamba kwanza. Alijifunza kutazama midomo, na akiwa hana uhakika anasema sawa. Hakumwambia mtu kwa kuogopa daktari wa kampuni.

"Nikikosa kazi hapa viza zenu zinakwisha," alisema. "Nitatafuta nchi nyingine, na nyinyi mtabaki Tanga. Nitakuwa tena sauti ya simu, na sasa simu yenyewe siisikii."

Nilimshika kichwa nikamwomba msamaha. Nilisema kwa sauti kubwa, mpaka jirani mwingine akagonga ukuta, na nikamjibu jirani kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Hofu ya kazi ilikwisha upesi kuliko tulivyodhani. Arbabu alipoambiwa alisema mtu anayeyajua majenereta kama yeye hahitaji kusimama kando yake, asimamie vipuri na awafundishe wengine. Daktari akampa vifaa vidogo vya masikioni. Nyumbani vilisaidia, aliweza kunisikia kutoka jikoni na akadai sasa anajuta. Lakini katikati ya chuma vilimgeuzia kila kitu kuwa mlio mmoja mkali, akavivua. Gerejini, kwa kusikiliza injini, masikio yake yalikuwa yamekwisha, na alilijua hilo.

Hivyo gari akaliacha. Ijumaa tatu alikaa nyumbani akitazama mpira, sauti amezima. Tukimwambia twende, anasema nendeni. Alikuwa mpole sana, na upole ule ulinitisha kuliko kurusha bisibisi. Ijumaa ya pili nilimsikia binti akiingia chumbani, akasema, "Shikamoo baba." Baada ya nusu saa akaingia tena, "Shikamoo baba." Niliacha vyombo kwenye maji nikaenda kusimama barazani peke yangu. Miaka mitano tuliyoijenga niliiona inarudi nyuma mbele ya macho yangu, na sikujua nishike wapi.

Ijumaa ya nne, mtoto alivaa nguo zake za kazi asubuhi bila kuuliza mtu. Tukaenda, mimi na yeye na Mkenya. Mkenya akakata yale masanduku mawili. "Pole, nyinyi mlikuwa wasafi," akayaambia, akayatupa pembeni. Binti akawasha. Ngurumo ikarudi, na ugonjwa wake ukarudi nayo, maana yule fundi alizipima skrubu kwa sailensa zake: likanguruma, likapepesuka, likafa. Alijaribu mpaka karibu na saa ya swala. Alisikia kila kitu, lakini vidole havikujua viende wapi.

Tukarudi Najma. Alipita moja kwa moja mpaka mbele ya televisheni, akamkinga baba yake asione mpira. Uso una masizi. Niliogopa atamwomba, kwa sababu kuombwa alikwisha kuombwa. Hakumwomba.

"Linapiga chafya upande wa kushoto tu," akasema polepole, ili midomo ionekane. "Kulia linakoroma."

Mume wangu akamtazama. "Haiwezekani. Kabureta ni moja."

"Nimesikia mwenyewe."

"Kulia linakoroma vipi? La mfululizo au la kukatikakatika?"

"La kukatika. Likipata joto ndiyo zaidi."

Akakaa anafikiri, vidole vikizunguka hewani kana kwamba vinashika skrubu. "Umetazama chini ya kabureta, pale inapokaa? Kuna mahali panavuta hewa." Mtoto akatikisa kichwa kwamba hakutazama. "Hukutazama!" akasema, akaanza kutafuta viatu chini ya kitanda.

Baada ya swala tulikuwa gerejini wote wanne. Alikuta ufa kwenye gasketi, ile karatasi nene ya kuziba hewa chini ya kabureta, upande wa kushoto kama mtoto alivyosema. Akakata nyingine kwa mkono. Kisha wakasimama, yeye ng'ambo hii, binti ng'ambo ile, injini katikati yao, ili aweze kumwona uso. Akageuza skrubu robo. "Sasa?" Mtoto akakunja pua. Robo nyingine. "Sasa?" Akatikisa kiganja: bado. Waliendelea hivyo nadhani zaidi ya saa nzima, yeye akiuliza, mtoto akijibu kwa uso na mikono, na kila mara alipogeuza hakutazama skrubu, alimtazama yeye. Mimi nilishika sindano bila kushona chochote. Nilijua kwamba likizimika leo, hatarudi tena.

Halikuzimika. Binti alifumba macho, akasikiliza, akafumbua, akainua viganja vyote viwili na kuvituliza hewani.

Mume wangu akaondoa mkono. "Linasemaje?" akauliza.

"Limetulia, baba."

"Limetulia naliona. Nakuuliza linasemaje."

Mtoto akageuka kunitazama. Ana miaka kumi na sita, umri wa kuona haya hata kukohoa mbele za watu, na Mkenya alikuwa amesimama pale na miwani yake ya kuchomelea kichwani. Nikadhani atacheka tu yaishe. Akauvuta ushungi wake nyuma, akainama juu ya injini mpaka uso wake ukawa karibu kabisa na wa baba yake, akaanza kunguruma kwa midomo. Dudu-dum, dudu-dum, dudu-dum, chini kabisa kifuani, akifuatisha lile gari pigo kwa pigo. Mume wangu alimkazia macho mdomoni. Baada ya muda midomo yake mwenyewe ikaanza kutingishika, bila sauti, ikimfuata.

Binti akaishiwa pumzi, akanyamaza.

"Taratibu," baba yake akamwambia. "Anza tena."

Akaanza tena.